Shajara ya mradi: kutoka bwawani hadi mbizi ya 20, na vifaa vya kwanza vya kuzamia

Lengo la mradi ni kumtoa mtu mzima asiyewahi kuzamia hadi afike mbizi ya 20 akiwa na vifaa vyake vinavyomkaa vizuri. Ana kilo 70, na bahari anayozamia ina joto la nyuzi 24 hadi 27. Bei za vifaa hupishana mno kuweza kusaidia, kwa hiyo gharama zimeandikwa kwa mafungu: bajeti yote ya vifaa ni mafungu 100. Ada ya kozi na ya kukodi haimo.

Msimamo tulioanza nao ni huu: kinachogusa ngozi kinunuliwe mapema, kinacholeta hewa kikodiwe kwanza mpaka mtumiaji ajue anatafuta nini. Palipokiukwa msimamo huu, hasara imeandikwa.

8 Januari. Fomu ya afya

Fomu ya afya ya mzamiaji huuliza kuhusu pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa kifua, masikio, sainasi na dawa zinazotumika. Jibu la "ndiyo" kwenye baadhi ya maswali hupeleka karatasi kwa daktari, na bila saini yake hakuna kuingia majini. Mwanafunzi alilipa ada kwanza, akaifungua fomu siku ya darasa, akajibu "ndiyo" kwenye sainasi. Darasa likaendelea bila yeye.

Gharama: wiki moja. Marekebisho: fomu ijazwe wiki mbili kabla ya kulipa chochote, na ijazwe kwa ukweli. Sehemu ya pafu inayonasa hewa haitajali kilichoandikwa kwenye karatasi.

Kuhusu chama cha kusomea, hatukupoteza muda. PADI, SSI, CMAS na NAUI zote zina cheti cha kiwango cha ISO 24801-2, yaani mzamiaji anayeweza kuzamia na mwenza bila mkufunzi. Angalia mkufunzi ana wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja na vifaa vyake vimetunzwaje. Hayo ndiyo yanayobadilisha kozi.

15 Januari. Barakoa (mafungu 5) na snokeli, mrija wa kupumulia (fungu 1)

Miwani ya kuogelea haifai hata kwa mita mbili. Barakoa lazima ifunike pua, ili ukishuka upulize hewa kidogo ndani yake kupitia puani. Bila hivyo shinikizo la maji huifyonza usoni na kupasua mishipa midogo ya macho.

Kipimo kinachojulikana: iweke usoni bila mkanda, ondoa nywele pembeni, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mkono. Ikibaki usoni, inakaa. Barakoa ya kwanza ilifaulu kipimo hicho dukani, bwawani ikavuja dakika nzima. Sababu: mtu akiuma kidomo cha regileta (kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni), mashavu hujikunja kando ya pua na uso hubadilika umbo. Barakoa ikabadilishwa siku hiyo hiyo, na kipimo kikarudiwa snokeli ikiwa mdomoni. Nne kati ya sita zilizojaribiwa zilianguka kipimo hicho cha pili. Ya sita, yenye sketi ya silikoni laini na nafasi ndogo ya hewa ndani, ndiyo iliyochukuliwa.

Kosa lililofuata lilikuwa kukaza mkanda kila inapovuja. Mkanda ukikazwa sana sketi hujikunja na kufungua njia mpya ya maji. Mkanda ukae juu ya kisogo, umelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili. Wenye masharubu wanyoe mstari mwembamba chini ya pua.

Ukungu: kioo kipya hutoka kiwandani kikiwa na utando usioonekana, na mate hayashiki juu yake. Tulisugua upande wa ndani kwa dawa ya meno nyeupe (si ile ya jeli) kwa dakika mbili hivi, tukasuuza, tukarudia mara tatu. Baada ya hapo mate, au tone la shampuu ya watoto, yanatosha kila mbizi. Tahadhari: kioo tu. Lenzi za plastiki hukwaruzika.

22 Januari. Mapezi: mafungu 4 yamepotea

Hapa ndipo pesa ilipotupwa. Yalinunuliwa mapezi ya kuvaa mguu mtupu, yaliyofungwa kisigino, kwa sababu ni mepesi na yalikaa vizuri dukani. Mahali pa kuzamia kuna mawe na viumbe wa baharini wenye miiba njiani, kwa hiyo viatu vya neoprini (mpira wenye vipovu vya hewa) ni lazima, na mguu wenye kiatu hauingii humo. Yakauzwa kwa nusu ya bei.

Yaliyochukuliwa baadaye ni ya kisigino wazi chenye mkanda wa springi, pamoja na viatu vya unene wa milimita 5 vyenye soli ngumu (mafungu 10 kwa vyote). Utaratibu sahihi ni kiatu kwanza, kisha pezi, vikiwa vimevaliwa pamoja. Vidole vya mguu viweze kucheza kidogo, na ukiinua mguu na kuutikisa pezi lisipige kisigino. Bapa refu na gumu linavutia kwa macho, lakini misuli ya shavu la mguu isiyozoea hukaza kabla mtungi wa hewa haujafika nusu. Chukua ugumu wa kati.

29 Januari. Bwawani: masikio

Kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10 kulipita bila shida. Kutoa maji ndani ya barakoa kulichukua majaribio matatu, kutafuta regileta iliyotoka mdomoni majaribio mawili.

Sheria isiyojadiliwa ilirudiwa kila mara: pumua mfululizo, usishike pumzi kamwe. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Pafu lililojaa pale, likipanda likiwa limefungwa, hewa yake inataka nafasi maradufu, na pafu halina nafasi hiyo. Hata mita moja na nusu ya bwawa yatosha kulidhuru.

Kilichokwama ni masikio, kwenye mita 2. Mwanafunzi alisubiri maumivu ndipo abane pua na kupuliza. Wakati huo mrija unaounganisha sikio na koo umeshabanwa na shinikizo, na kupuliza kwa nguvu zaidi kunaweza kuumiza sikio la ndani. Kilichofaulu:

zibua masikio (bana pua, puliza taratibu) mara moja ukiwa bado juu ya maji. Shuka miguu mbele ukishika kamba. Zibua kila nusu mita kwa mita tano za kwanza, kabla ya kuhisi chochote. Sikio likigoma, panda mita moja, meza mate, jaribu tena taratibu. Likigoma mara tatu, mbizi imeisha.

Siku yenye mafua hakuna kuzamia. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyonaswa ikakosa njia wakati wa kupanda, maumivu yakaja mahali ambapo huwezi kurudi nyuma kirahisi.

9 Februari. Mbizi 4 za kozi, cheti

Vifaa vya kukodi isipokuwa barakoa, viatu na mapezi. Kina cha juu mita 16. Mpaka wa cheti hiki kwa PADI ni mita 18. Kupanda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Hakuna la ziada.

23 Februari. Risasi: kutoka kilo 8 hadi 4 hadi 6

Ukurasa huu ndio wa kunakiliwa. Wanaoanza wengi hubebeshwa risasi nyingi (vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji kuzama) ili washuke haraka, kisha wanalipa mbizi nzima. Kwa suti ya neoprini ya unene wa milimita 3 na mtungi wa alumini wa lita 11.1, kozi ilimpa kilo 8. Dalili zilikuwa wazi: jaketi la kuelea, lile linalojazwa na kupunguzwa upepo, limejaa hata chini, miguu inaning'inia na kutimua mchanga, hewa inaisha upesi. Isitoshe, upepo mwingi ndani ya jaketi hutanuka kila unapopanda nusu mita, kwa hiyo anayumba juu na chini bila kujua sababu.

Kipimo kilifanyika mbizi ya 5: wima majini pasipo na mguu chini, jaketi tupu, regileta mdomoni, pumzi ya kawaida imeshikwa kwa muda mfupi hapo juu ya maji. Maji yanapaswa kufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame taratibu. Akafika kilo 4. Ilionekana ushindi.

Mwisho wa mbizi hiyo, geji ya shinikizo la mtungi ikisoma bar 50, mwanafunzi alishindwa kukaa mita 5. Alielea polepole hadi juu katikati ya kituo cha dakika 3, jaketi likiwa tupu kabisa. Kosa lilikuwa letu: kipimo kilifanywa na mtungi uliojaa, na hewa ina uzito. Kutoka bar 200 hadi 50 zinatumika bar 150. Mara lita 11.1 ni lita 1,665. Kwa takriban gramu 1.2 kwa lita, ni kilo 2 zilizopotea. Mtungi wa alumini huzama ukiwa umejaa na huelea ukikaribia kuisha.

Marekebisho: ama ongeza kilo 2 kwenye matokeo ya mtungi uliojaa, au, njia bora, pima mwisho wa mbizi ukiwa na bar 50. Ikawa kilo 6, na kituo cha mbizi ya 6 kilishikwa bila kupapatika. Mtungi wa chuma kwa kawaida hauelei ukiisha, kwa hiyo risasi hupungua. Pima upya kila mtungi unapobadilika. Maji baridi yasiyo na chumvi pia hudai kipimo chake: maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, na mzamiaji anayefika kilo 95 pamoja na vifaa anahitaji risasi pungufu ya kiasi cha baharini kwa zaidi ya kilo 2.

Risasi hazikununuliwa. Hupatikana popote mitungi inapokodiwa.

9 Machi. Suti (mafungu 12)

Mbizi ya pili ya siku, nyuzi 24, dakika 45, mwanafunzi alitoka akitetemeka ndani ya milimita 3. Maji hunyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, na neoprini hubanwa na kina, hivyo suti inayotosha juu huwa nyembamba zaidi chini. Uamuzi: milimita 5.

Iliyoletwa kwanza ilikuwa saizi moja kubwa, eti ivalike kirahisi. Maji yaliingia shingoni, yakatulia kwenye mfereji wa mgongo, na kila alipojikunja yakabadilishwa na mengine baridi. Ikarudishwa kabla ya kuzamiwa baharini. Suti sahihi huvaliwa kwa jasho: haina mfuko wa hewa chini ya mgongo, kwapani wala kati ya miguu, na ukiinua mikono shingo haikukabi. Mfuko wa nailoni juu ya unyayo na kiganja hufanya mguu na mkono uteleze ndani.

Milimita 5 zilidai kilo 2 zaidi za risasi. Kipimo kikarudiwa, kilo 8, safari hii kwa haki.

23 Machi. Regileta: ya mtumba imerudishwa, mpya mafungu 28

Regileta ya mtumba ilikuwa na bei ya kuvutia. Muuzaji alikubali ikaguliwe kabla ya malipo, na huo ndio ushauri wa kwanza: asiyekubali, mwache. Tulichokagua:

Kichujio kidogo cha chuma kwenye mdomo wa hatua ya kwanza (sehemu ya regileta inayofungwa kwenye mtungi) kilikuwa na ukijani. Ukijani huo ni kutu ya shaba, ishara kwamba maji ya chumvi yaliwahi kuingia. Mipira ya kupitisha hewa ilipopindwa karibu na maungio ilionyesha nyufa. Kisha ikaunganishwa na mtungi, geji ya shinikizo la kati (la hewa inayotoka hatua ya kwanza) ikachomekwa kwenye mpira wa jaketi: ilisoma bar 9.5, ambayo ni sawa kwa regileta nyingi, lakini bila mtu kuvuta pumzi ikapanda taratibu hadi 11. Maana yake kiti cha vali kimechoka na hakizibi. Ikiachwa hivyo, hatua ya pili, ile ya mdomoni, huanza kumwaga hewa yenyewe.

Fundi alihesabu vipuri vya sevisi na mipira mitatu. Jumla, pamoja na bei ya muuzaji, ilifika karibu na ya mpya. Ikarudishwa.

Mpya iliyochukuliwa: hatua ya kwanza iliyosawazishwa (hewa huja vile vile hata mtungi ukikaribia kuisha), yenye alama ya EN 250, kiwango cha Ulaya cha regileta, hatua ya pili, regileta ya akiba ya njano na geji. Kuhusu kiungo cha regileta na mtungi, kuna kile cha kubana kwa nje na kile cha kuzungushwa kama skrubu ndani ya vali, DIN. DIN ni imara zaidi kwa sababu oringi (pete ya mpira ya kuziba) imefungiwa ndani, na hiyo ndiyo iliyonunuliwa. Kosa: hatukuangalia kwanza mitungi inayokodiwa, ambayo ilikuwa ya kubana. Adapta ilitatua (imo ndani ya mafungu 28), ila inaisogeza regileta nyuma kwa sentimita kadhaa na kisogo huigonga. Vali nyingi za kisasa zina kiini kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita na kuwa DIN. Uliza kabla ya kununua adapta.

Kipimo cha bure cha nyumbani, bila mtungi: funga kifuniko cha vumbi, weka kidomo mdomoni, vuta hewa taratibu. Isije hewa. Ikija, kuna tundu kwenye kiwambo au kwenye vali ya kutolea pumzi, na majini tundu hilo hilo litaleta maji.

6 Aprili. Jaketi la kuelea (mafungu 20)

Lilipimwa juu ya suti ya milimita 5, likajazwa upepo mpaka vali ya usalama ikalia. Likijaa lisibane kifua, na ukivutwa mabegani na mtu mwingine lisipande masikioni.

Kabla ya kuguswa na maji lilijazwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi lilikuwa limelegea nusu. Maji ya sabuni yalionyesha mapovu kwenye vali ya begani: uchafu mdogo ulikuwa chini ya mpira wa kuziba. Ilifunguliwa kwa mkono, ikasuuzwa, ikafungwa, ikashika hadi kesho yake. Gharama sifuri, ila bila kipimo kile tungeigundua baharini.

Mbizi ya 12 ilileta kubwa zaidi. Kitufe cha kujaza kiligoma kurudi, jaketi likaendelea kujaa lenyewe kwenye mita 6. Mwanafunzi aliuchomoa mpira wa hewa kwenye kitufe kwa mkono mmoja, mwingine ukivuta kamba ya kutoa upepo, akatulia kwenye mita 4. Alijua la kufanya kwa sababu lilifanyiwa zoezi bwawani. Chanzo kilikuwa chumvi iliyoganda ndani ya kitufe, kwa kuwa jaketi lilikuwa likisuuzwa nje tu. Tangu hapo kitufe kinabonyezwa mara nyingi ndani ya maji yasiyo na chumvi, na maji hayo huingizwa hadi ndani ya jaketi, yakatikiswa na kumwagwa.

20 Aprili. Kompyuta (mafungu 15)

Kila mzamiaji awe na kompyuta yake ya mbizi, inayofuatilia kina na muda anaoruhusiwa kukaa chini. Mwenza hakai kina kile kile dakika zote. Iliyokodiwa mbizi ya 13 ilikamatwa kwenye ukaguzi wa ufukweni ikiwa imeachwa kwenye mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32, na mtungi ulikuwa na hewa ya kawaida, asilimia 21. Ingempa muda mrefu wa kukaa chini kuliko anaostahili. Kwa kulinganisha, jedwali la PADI linatoa dakika 56 kwa hewa ya kawaida kwenye mita 18 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Kompyuta nyingi hutoa pungufu.

Iliyonunuliwa ina tarakimu kubwa, betri inayobadilishwa na mtumiaji, na kiwango cha tahadhari kinachopangwa. Rangi na muunganisho wa simu havikupewa uzito. Kanuni ya kuruka kwa ndege iliandikwa ubavuni mwa sanduku: saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za kurudia au za siku kadhaa.

4 Mei. Boya, kamba, filimbi, kisu (mafungu 4)

Boya la kurusha kutoka chini, la kuonyesha juu mzamiaji alipo, lilijaribiwa baharini moja kwa moja. Uzi ulijisokota kwenye kibiringo (kigurudumu cha uzi), boya likaondoka, mwanafunzi akavutwa mita 2 juu kabla ya kuachia. Tulirudi nchi kavu, kisha bwawani, mara kumi. Kibiringo kirahisi chenye mita 30 za uzi kilishinda kile chenye mkono wa kuzungushia. Kisifungwe mwilini wakati wa kurusha, angalia juu kwanza, jaza pumzi moja tu. Likigoma, achia.

18 Mei. Mbizi ya 20, hesabu ya hewa

Mbizi ya 6: bar 200 hadi 80, dakika 35, kina cha wastani mita 9. Bar 120 mara lita 11.1, gawanya kwa 35, gawanya kwa 1.9 (shinikizo la mita 9 likilinganishwa na juu ya maji): lita 20 kwa dakika. Mbizi ya 18, kina kile kile: bar 200 hadi 90, dakika 42, sawa na lita 15.3. Sehemu kubwa ya akiba hiyo, kwa maoni yetu, imetoka kwenye risasi sahihi na mwili uliolala mlalo. Kifaa cha bei hakikuhusika.

Fungu la mwisho lilikwenda kwa oringi za akiba, vidomo viwili na mkanda wa barakoa. Mbizi ya 16 iliokolewa na oringi moja, iliyopasuka kwenye vali ya mtungi wakati wa kufungua.

Kusuuza: kifuniko cha vumbi kikaushwe na kufungwa kabla regileta haijaingia majini, na kitufe cha kusafisha kisibonyezwe ikiwa haina shinikizo, la sivyo maji hupanda mpirani hadi hatua ya kwanza. Suti ianikwe kivulini kwenye hanga nene. Jaketi lihifadhiwe na upepo kidogo.

Mtungi haujanunuliwa na haumo kwenye mpango. Unadai ukaguzi wa mara kwa mara, kujazwa na kusafirishwa, na kwa anayezamia mara mbili kwa mwezi kukodi ni nafuu. Regileta itakwenda kwa fundi kwa tarehe iliyo kwenye kitabu chake, au mapema shinikizo la kati likianza kupanda lenyewe. Geji ya kulipima imeazimwa, na kipimo kitarudiwa kila mbizi ya kumi.